Chaza Hufungwa Wapi

Kambini, Mombasa
3 Machi 1992

Mjomba Mbaraka,

Nakuamkia kwa heshima. Mwaka mzima umepita tangu tutoke Kismayo mbio bila hata kukuaga, na sikujua kama uko kisiwani Kudhaa au nawe umekimbia. Juzi amefika hapa mtu wa Kiunga, akaniambia nahodha Shee angali anavuka na mashua kutoka Ras Kamboni kuja Kiunga kununua unga, na kwamba wewe hukutoka. Nililia kwa furaha mpaka Hanan akanitupia kanga usoni. Mimi na Hanan tu wazima. Mdogo wangu ametimiza miaka tisa, na ulimi wake umezidi kurefuka.

Mjomba, nina jambo. Shirika linalotugawia chakula linatafuta mkalimani wa kike. Wanaokuja ni wengi, na kila mmoja anasema ni Mbajuni wa visiwani, kwa kuwa Wabajuni wanaachwa wakae hapa pwani na wengine wanapakiwa lori kupelekwa kambi ya bara, jangwani huko. Mkalimani ndiye atakayekaa mezani kusaidia kumjua nani ni nani.

Anayepata kazi hupewa chumba cha mabati ndani ya ua wa ofisi. Chumba kina mlango, na mlango una komeo. Hanan hajalala usingizi mzima tangu Kismayo, kwa sababu hema ni kitambaa tu, anayetaka hukiinua akaingia. Mimi nalitaka lile komeo, mjomba. Sikufichi.

Nakuomba mawili. Kwanza, barua ya mkono wako ya kuthibitisha kwamba mimi ni mwana wa nyumba ya Kudhaa. Nimezaliwa na kusoma mjini, Kisomali kinanitoka kama maji, na watu wananitilia shaka. Pili, nifundishe ya visiwani: visima, misikiti, kazi za baharini, nyumba ya nani imepakana na ya nani. Mahojiano ni mwezi wa nne, baada ya Idi.

Mpwa wako,
Khairat


Kudhaa
19 Machi 1992

Kwako wewe uliyejiandika Khairat,

Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimeielekeza juani nione kama kuna maandishi chini ya maandishi.

Ngoja nikueleze. Mwezi wa Rajabu nililetewa barua ya rafiki yangu wa tangu tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani. Asema yuko Ras Kamboni, ataka kunisaidia kuificha vizuri mashine ya mashua yangu, je, niliizika wapi? Hati nzuri, salamu zote zimo. Nikamjibu. Siku ya nne wakaja wenye bunduki. Hawakumuuliza mchu, si mkubwa si mdogo. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya choo cha Barke, jirani yangu, wakachimba, wakaitoa. Mumewe Barke aliposema neno, wakampiga risasi. Baadaye nikasikia kwamba rafiki yangu alikuwa keshakufa Kismayo miezi sita nyuma. Maskini, hata hakujua kama ameniandikia.

Sasa waja wewe, wauliza visima viko wapi na nyumba gani imepakana na gani. Ungekuwa mimi ungejibu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hati yako ni ya mchu wa shule. Khairat alisoma shule, hilo kweli. Lakini waliosoma shule Kismayo ni wengi, na baadhi yao leo wamebeba bunduki.

Na jingine. Umeniletea salamu za wachu wawili. Nyumba ile ilikuwa na wachu watatu. Dada yangu Mwanatumu hakuweza kumwona mchu aelekea Kudhaa asimpe salamu zangu na matusi juu yake. Yuko wapi? Karatasi nzima, mbona hana hata neno moja?

Nijibu hilo kwanza. Barua ya kuthibitisha simpi mchu nisiyemjua.

Mbaraka


Kambini, Mombasa
30 Machi 1992

Mjomba,

Basi mimi ndiye jambazi! Nimefunga, kiu imenishika, nikaifungua barua yako nikidhani nitapata la kunituliza roho, kumbe ndani kuna polisi.

Mungu amrehemu mume wa Barke. Sikujua, wallahi. Na hasira zako nazielewa. Lakini nisikilize.

Nilikuwa na miaka saba, mama alituleta Kudhaa likizo ya shule. Ulikuwa na chaza wako, yule samaki anayenata, si yule wa kombe tunayemjua sisi wa mjini, umemweka hai ndani ya kidau kilichojaa maji. Ukaniambia, "Njoo umwamkie." Nikatia mkono, nawe ukanibandika naye hapa juu ya kiwiko. Lo! Aliniganda kama pembe ya kuumikia. Nikapiga ukelele mpaka mama akaja mbio, akaokota kuti akakuchapa nalo mgongoni mbele ya wanaume wenzako. Alama nilikaa nayo siku tatu. Jambazi gani anayajua hayo?

Kuhusu mama, niachie kidogo. Tutazungumza tukionana. Tafadhali usiniulize kwenye karatasi.

Huku tunajiandaa. Kulthumu, jirani yetu wa hema la pili, alikuwa mwalimu Kismayo. Kila alasiri hukaa juu ya debe, akavaa miwani iliyobaki kioo kimoja, akajifanya ndiye bosi. Nikiingia bila kubisha, nirudi nje. Nikikaa kabla ya kuambiwa kaa, nirudi nje. Nikitazama chini, ananiuliza kama nimekuja kuposwa. Jana kila swali nilimjibu "inshallah". "Utafika mapema kazini?" Inshallah. "Unaweza kutunza siri?" Inshallah. Akavua ile miwani. "Khairat, mwenye ofisi akisikia inshallah anadhani umekataa. Sema ndiyo kwa mdomo, inshallah uiseme moyoni." Hanan akaanguka kwa kicheko.

Tarehe imewekwa, Alhamisi 23 Aprili. Walioomba ni kumi na moja. Sina mtu mwingine wa kunifunza mambo ya Kudhaa ila wewe.

Khairat


Kudhaa
11 Aprili 1992

Kwako,

Hadithi ya chaza ni nzuri. Ila siku ile pwani palikuwa na wachu thelathini, na wote walinicheka kwa lile kuti mwezi mzima. Kila mmoja wao aweza kumhadithia mchu.

Mwanatumu bado umemficha. Haya, mfiche.

Hata hivyo, sitaki niambiwe kesho kwamba nilimnyima mpwa wangu, ikiwa ndiye. Nakupa yasiyoweza kumdhuru mchu. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Mgeni akiyanywa hukunja uso, mwenyeji hakunji. Wakikuuliza chakula cha Kudhaa, usiwaambie pilau kama wafanyavyo wachu wa mjini wanaotaka kujisifu. Waambie samaki, na siku ya bahari mbaya, samaki wa jana.

Sasa chaza. Hapa sikiliza. Kasa hatumvui kwa wavu wala kwa mshipi. Chaza hushikwa mzima, akalishwa kwa mkono siku nyingi hata azoee. Kisha hufungwa kamba kichwani, nyuma ya macho, akatiwa majini. Akimwona kasa humnata kwenye gamba, na mvuvi huvuta kamba polepole mpaka kasa awe ubavuni mwa chombo. Chaza hatukanwi. Akifa haliwi, huzikwa mchangani.

Isome barua hii vizuri. Ukiona neno la kunirudishia, nirudishie, nami siku hiyohiyo nitakuandikia ile barua unayoitaka.

Mbaraka


Kambini, Mombasa
26 Aprili 1992

Mjomba! Mjomba! Mjomba!

Nimepata! Kaa kitako nikuhadithie, na Shee naye akae.

Niliingia nimevaa buibui la Kulthumu, tumelipiga pasi kwa sufuria ya moto. Mezani walikuwa wawili: mama mmoja wa Kizungu asiyeacha kuandika, na Bwana Zakir, mkuu wa ofisi, mtu wa Mombasa mjini, samaki anamjua akiwa sahanini. Nilibisha. Sikukaa mpaka nilipoambiwa kaa. Sikutazama chini. Wakaniuliza kwa Kiswahili, wakaniuliza kwa Kisomali, na yule mama akataka Kiingereza kidogo, nikampa kidogo kweli.

Kisha Bwana Zakir akaegemea kiti. "Binti, wewe husemi kama watu wa visiwani. Unasema kama wenye maduka wa Kismayo. Nikuamini kwa lipi?"

Nikaona mambo yameharibika. Nikamwambia, "Usiniamini mimi, bwana. Niulize jinsi nitakavyomjua mwingine."

"Haya, utamjuaje?"

"Nitamuuliza chaza hufungwa wapi."

Hapo nikayamwaga yote uliyonifunza: anavyolishwa kwa mkono, anavyomnata kasa, anavyozikwa mchangani, na kwamba hufungwa kichwani, nyuma ya macho. Yule mama aliacha kuandika, akanitazama, akarudi kuandika mbio zaidi. Bwana Zakir akasema, "Hili halimo katika kitabu chochote nilichopewa." Akalipigia mstari mara mbili. Kuanzia sasa ndilo swali la kwanza kwa kila anayejiita Mbajuni. Swali lako, mjomba!

Mwisho wakaniuliza kama nina la kuuliza. Kulthumu alinifundisha niulize juu ya mafunzo ya kazi. Mdomo ukanitoroka nikasema, "Komeo la mlango liko ndani au nje?" Walicheka wote wawili. Bwana Zakir akasema liko ndani.

Limebaki moja. Ni kazi ya majaribio hadi mwisho wa mwezi wa sita. Barua yako ya kuthibitisha ikifika, naandikwa. Isipofika, natoka, na Hanan anarudi hemani.

Barua yako nimeisoma mara ishirini kama ulivyoniambia. Sina la kukurudishia ila shukrani.

Khairat


Kudhaa
9 Mei 1992

Shee,

Huyu wa Mombasa basi. Wakikupa Kiunga barua yake nyingine, itie baharini. Si Khairat.

Nilimtega, nami nakwambia wewe tu. Nilimwandikia kwamba chaza hufungwa kichwani. Kichwani, Shee! Pale penye kunatia! Mtoto wa Kudhaa wa miaka mitatu angecheka hata akae chini. Chaza hufungwa mkiani, na Khairat alimwona kwa macho yake, samaki kamganda mkononi na kamba yaning'inia mkiani. Angekuwa yeye angeniandikia, "Mjomba, umezeeka, umekosea." Huyu kaniletea shukrani. Amenasa mzima mzima, na ule uongo kesha kuupeleka kwa Wazungu.

Sijui ni nani. Sijui hadithi ya kuti kaipata wapi, na sitaki kufikiri aliyempa alikuwa katika hali gani.

Usinipe pole, sina msiba. Ukirudi niletee sukari, nina hamu ya chai.

Mbaraka


Ofisini, Mombasa
24 Mei 1992

Mjomba,

Mbona kimya? Nimemuulizia Shee kwa kila mtu wa Kiunga, wanasema anavuka kama kawaida. Au barua yangu ya furaha haikukufurahisha?

Tumehamia chumbani. Siku ya kwanza Hanan alilifunga komeo, akalifungua, akalifunga tena, nikachoka kuhesabu. Kisha akalala mpaka saa tatu ya asubuhi, mdomo wazi. Nilikaa pale nikimtazama nikachelewa kazini.

Lakini kazini kuna jambo linaninyima raha. Tangu nianze, wamepita mezani watu wanne waliolikosa swali la chaza: Mzee Mahmoud wa kisiwa cha Fuma, na mama mmoja aitwaye Mishi na wanawe wawili wakubwa. Wote wamesema mkiani. Kila mmoja kwa siku yake, bila kusita. Watu wanne hawakosei kwa namna moja hivihivi tu. Nashuku kuna mtu kambini anayewafunza majibu, na jibu lenyewe bovu. Bwana Zakir naye anashuku hivyohivyo, ameniagiza nimtafute huyo mwalimu wao. Sasa kila mtu namtazama kwa jicho la pembeni. Jana nilimtazama hivyo hata Kulthumu, akaniuliza kama jicho linaniuma.

Hao wanne wameandikwa si Wabajuni. Wanangoja lori la bara.

Mzee wa Fuma, nilipomtafsiria kwamba amekosa, hakubishana. Alinitazama tu akasema, "Binti, wewe umemwona chaza?" Nikamwambia nimemwona.

Na kweli nilimwona, mjomba. Nikiikumbuka siku ile, kamba naiona inatoka mkiani. Akili nayo inaniambia kichwa ndicho kinachonata, utakifungaje? Hata siku ya mahojiano nilikumbuka hivyo. Lakini wewe ndiye mwenye chaza, mimi mtoto wa mjini, na ni miaka kumi na mitano. Nikaacha macho yangu nikashika neno lako. Niambie tu kwamba nilifanya sawa, roho yangu itulie.

Khairat


Kudhaa
5 Juni 1992

Khairat, mwanangu,

Shee alikataa kuitia barua yako baharini. Aliitupa kizingitini pangu akasema yeye si mtumwa wa shaka zangu. Ikakaa pale siku mbili, naivuka nikiingia, naivuka nikitoka. Siku ya tatu nikaiokota.

Chaza hufungwa mkiani. Macho yako hayakukosea. Niliandika kichwani kwa makusudi, ili nikujue. Nilisema, akiwa Khairat atanirudi, akiwa mwongo atameza. Sikufikiria la tatu, kwamba ungekuwa Khairat, ukumbuke kweli, na bado uniamini mimi kuliko macho yako. Mtego niliutega kwa mwizi, na mwizi asingeniamini hivyo.

Hakuna mchu anayewafunza hao wanne. Walifunzwa na baba zao. Huyo Mzee Mahmoud wa Fuma ndiye aliyenifunza mimi kumlisha chaza, nikiwa sijaota ndevu. Wenye bunduki walimtoa kwake, nami nimemtoa mara ya pili kwa kalamu. Naona aibu hata kuandika jina lake.

Nenda kwa Zakir leo hii, usingoje kesho. Mwambie ni mimi. Najua lile komeo huenda likaondoka. Mwambie Hanan kwamba mjomba wake ndiye aliyeliondoa, asikulaumu wewe. Barua uliyoitaka nimeiweka ndani ya hii, na Shee ametia sahihi kama shahidi.

Sasa sina shaka nawe hata kidogo, kwa hiyo nakuuliza kama mjomba wako. Mwanatumu yuko wapi?

Mbaraka


Ofisini, Mombasa
14 Juni 1992

Kwa Bwana Zakir,
Mkuu wa Ofisi

KUH: KOSA LANGU KATIKA SWALI LA CHAZA

Bwana, jibu la swali la chaza nililokupa siku ya mahojiano si kweli. Chaza hufungwa mkiani. Wale wanne walisema kweli na mimi ndiye niliyekosa. Hakuna mtu anayefunza watu majibu kambini. Tafadhali uache kumtafuta.

Jibu lile niliandikiwa na mjomba wangu, aliyedhani mimi ni adui anayeandika kwa jina la mpwa wake. Nimeambatisha barua yake uisome, pamoja na ile ya kunithibitisha. Ukiona baada ya haya haifai kitu, nitaelewa.

Naomba wanne hao watolewe leo katika orodha ya lori. Naomba pia niitwe mbele yao niwaambie mwenyewe. Funguo za chumba ziko kwa Hanan. Nikitakiwa kutoka, nipe siku moja ya kumweleza.

Wako mtiifu,
Khairat


Mombasa
28 Juni 1992

Mjomba,

Bwana Zakir aliisoma barua yangu amesimama. Kisha akaisoma ya kwako, ile ya kukiri mtego, naye akakaa. Nilifikiri ananitafutia maneno ya kunifukuzia.

Akamwita Mishi na wanawe. Mzee Mahmoud hakuwapo, mjomba. Lori lilimchukua siku nne kabla sijapata barua yako.

Bwana Zakir akanikalisha kiti kilekile cha siku ile, mbele ya Mishi, akaanza upya kama hanijui. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Khairat, mama yangu ni wa Kudhaa, nimekulia mjini."

"Chaza hufungwa wapi?"

"Sijawahi kumfunga, bwana. Mimi kazi yangu kutafsiri. Muulize Mishi, marehemu mumewe alikuwa nao watatu."

Akamgeukia Mishi. Yule mama akaonyesha kwa ncha ya kanga yake, kidole chake cha shahada kikiwa ndicho samaki, fundo likipita kwenye mkia na kukazwa hivi na hivi. Mimi natafsiri, machozi yananitoka, sikuyafuta. Alipomaliza akanipiga kofi dogo la begani, akasema, "Haya, basi. Ulikuwa mtoto." Mishi amenizidi miaka kumi na mitano tu.

Bwana Zakir akaniambia, "Mzee wa Fuma utamfuata wewe mwenyewe. Ukirudi naye, kazi ni yako, lakini hukumu si yako tena. Mezani patakaa wazee watatu, wewe utatafsiri tu. Ukirudi peke yako, usirudi."

Nilipanda lori la Alhamisi. Siku mbili vumbi tupu. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anasuka kamba ya ukindu ambayo huko jangwani haina cha kufunga. Nikamweleza yote. Akaizungusha ile kamba kiganjani, tukapanda lori la kurudi. Tulipoanza kunusa bahari akauliza, "Nani alikuambia kichwani?" Nikasema, "Mjomba wangu, Mbaraka wa Kudhaa. Aliogopa." Akasema, "Mbaraka alikuwa mwoga wa kila kitu tangu mdogo, isipokuwa kasa." Akacheka, mjomba. Amekusamehe, au ndiyo dalili yake. Jana nimeandikwa kazi. Komeo limebaki.

Sasa la mama. Alinifunza kwamba tanzia hupelekwa na mtu mwenye miguu, haitiwi kwenye bahasha. Ndiyo maana nilikuwa nikikuepa. Nilikuwa nangoja nije mwenyewe nikushike mkono. Lakini njia ya kuja Kudhaa sina, nawe umeniuliza kwa haki.

Mama alifariki siku ya arubaini tangu tufike hapa, maradhi ya tumbo yalipopita kambini. Kulthumu ndiye aliyemwosha. Hakuteseka siku nyingi. Siku moja kabla alikutukana, kama kawaida yake. Alisema, "Mwambieni Mbaraka atoke kule kabla hajaoza na samaki wake." Nisamehe kwa kuchelewa.

Khairat


Kudhaa
12 Julai 1992

Mwanangu Khairat,

Tumemsomea hitima Jumatatu. Barke alipika, Shee alileta unga wote aliokuwa nao. Tulikuwa wachu saba. Ndio waliobaki Kudhaa wa kusoma.

Usiniombe msamaha. Nilijua. Barua yako ya kwanza kabisa, ulipoandika "mimi na Hanan tu wazima", hapo niliiweka chini nikatoka nje. Nilisema, huyu akiwa Khairat kweli, basi Mwanatumu hayupo, maana angekuwa hai asingekuachia kalamu. Akiwa mwongo, dada yangu yu hai mahali fulani, na Khairat wa kweli yuko pembeni yake.

Nilitaka uwe mwongo, mwanangu. Hiyo ndiyo kweli yote, mashine na ile barua ya uongo vilinipa sababu tu. Nilipoona umenasa kwenye chaza, nilishukuru Mungu. Nilimwagiza Shee sukari, nikanywa chai ya furaha peke yangu mlangoni, nikisema Mwanatumu yu hai. Na wakati nakunywa, Mzee Mahmoud alikuwa akilisubiri lori.

Dada amesema nitoke, basi natoka. Chaza nimemfungua kamba jana asubuhi nikamwachia. Alizunguka ubavu wa kidau mara mbili, akaenda zake. Ijumaa navuka na Shee hadi Kiunga, nikitoka hapo nitaulizia njia ya kuja kwenu.

Nikifika mezani pako, usiseme wanijua. Usinipe kiti kabla ya wenzangu. Niulize maswali yote, nitazame usoni, unitilie shaka mpaka wazee waridhike. Kisha ndipo unichukue mkono unipeleke kwa Mwanatumu.

Mjomba wako,
Mbaraka